Shukrani Iliyoanzia Penye Njaa: Wandugu wa Uamsho Afrika Mashariki

Gahini ni kilima kilicho kando ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Kianglikana, alifika hapo mwaka 1928, wakati wa njaa kubwa ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Hospitali yake ilijaa watu waliobaki mifupa. Septemba 1929 alikwenda Kampala, mwili umechoka na imani imepungua. Huko Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye kiu kama yake, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Nsibambi akashika kazi ya kuhubiri. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu Gahini.

Katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka kutoka Gahini, nao ukaigeuza namna ya kumshukuru Mungu. Makanisani watu walikwisha kuzoea shukrani ya mavuno: kikapu cha mahindi, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu. Wandugu, kama watu wa uamsho walivyoitana, hawakuikataa sadaka hiyo, ila kwao shukrani ilianza na msamaha, na msamaha ulianza na kutaja dhambi kwa jina lake. Mtu alisimama katikati ya wenzake, akasema “Bwana Yesu asifiwe”, kisha akaeleza alichoiba au ugomvi aliokuwa nao na mkewe. Akimaliza, wote walimwitikia kwa Tukutendereza Yesu, wimbo wa Kiganda ulioimbwa Kigezi, Bukoba na Kabete na watu wasiojua Kiganda. Hapo kazi ilikuwa bado. Mali ya wizi ilitakiwa irudishwe kwa mwenyewe, hata kama mwenyewe ni mwajiri Mzungu ambaye hakujua kwamba ameibiwa.

Shukrani ya namna hii haikumpendeza kila mtu. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi zaidi ya ishirini, pamoja na William Nagenda, kwa ubishi wao wa kiuamsho. Wakubwa wa kanisa walikuwa na hoja, maana anayetubu hadharani huweza kukutubisha na wewe kwa nguvu. Wapo wandugu waliogeuka mahakimu wa imani za wenzao, na baadaye uamsho wenyewe ukagawanyika.

Kipimo kigumu kilikuja Kenya baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952. Wandugu wengi wa Ugikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao wakauawa. Wengi walikataa pia kubeba bunduki za serikali, jambo lililowafanya washukiwe na pande zote mbili.

Uganda nayo ikapata zamu yake. Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 na kufikia uaskofu mkuu, aliuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Siku chache baadaye Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mwana wa uamsho huohuo, alitoroka usiku pamoja na mkewe Mera, wakapanda milima kwa miguu hadi Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Idi Amin. Waliompoteza ndugu yao walikuwa na haki ya kukasirishwa na jina hilo. Kivengere hakulibadilisha.