Anacostia: Historia ya Mtaa wa Ng'ambo ya Mto

Mashariki ya mto Anacostia, unaomwaga maji yake katika mto Potomac, upo mtaa wa Washington ambao watalii wengi hawaufikii. Jina lake limetokana na Wanacotchtank, wenyeji wa asili wa kingo za mto huo.

Mwaka 1854 eneo hilo lilipimwa viwanja na kuitwa Uniontown, kwa sharti kwamba watu weusi wasiuziwe. Hata hivyo, mwaka 1877 Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Maryland, alinunua nyumba ya Cedar Hill iliyo kilimani, akaishi humo hadi alipofariki mwaka 1895.

Jirani na hapo, katika Barry Farm, watu walioachiwa huru walianza kuuziwa viwanja mwaka 1867. Mchana walikuwa vibarua. Usiku walijijengea nyumba zao. Nyumba za umma zilizojengwa hapo katika miaka ya 1940 nazo zimebomolewa karibu zote, kupisha ujenzi mpya.

Cedar Hill imehifadhiwa na serikali kuu. Kutoka kilimani hapo mgeni huliona kuba la Bunge la Marekani ng'ambo ya mto, kama alivyoliona Douglass.