Kipaza Sauti na Ukumbi: Redio ya Taifa na Muziki wa Tanga

Ni miji michache ya Tanzania iliyoipa redio ya taifa nyimbo kama Tanga. Black Star na Lucky Star kwa upande wa taarab, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwa upande wa dansi, wote walitoka katika mji huu wa mkonge na bandari, na sauti zao zikafika hadi vijiji ambavyo havijawahi kuona bahari. Kwa mkazi wa Nguvumali, Makorora au Ngamiani, kuwasikia redioni kulikuwa ni kumsikia jirani akizungumza na nchi nzima. Lakini ukiichunguza historia hiyo utaona kwamba redio ilizichukua nyimbo za Tanga, ukumbi zilikoimbwa ikauacha. Jambo hilo bado lina uzito leo, wakati matamasha ya muziki yamekuwa mengi na vituo vya redio vimeenea kila mkoa.

Shughuli kabla ya redio

Watu wa mwambao walijua kukusanyika kwa ajili ya muziki zamani sana. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, iliingia Tanga mapema. Makundi yake mawili makubwa, Marini na Arinoti, yalishindana kwa sare, kwa vyeo, kwa karamu na kwa nyimbo za kupigana vijembe. Wanawake nao walikuwa na lelemama, na vyama vyao vilishindana vivyo hivyo. Hadhira haikuwa ya kukaa na kutazama tu. Ilishangilia, ilitoa fedha, ilichukua upande, na kesho yake sokoni ndiyo iliyoamua nani kashinda. Taarab na dansi za Tanga zilirithi tabia hiyo.

Redio ilipokuja, kulikuwa na mfano mmoja uliofaa kabisa kwa watu wa namna hiyo, nao ulitoka Misri. Redio ya serikali ya Misri ilianza kurusha matangazo mwaka 1934, na kuanzia mwaka 1937 ikawa inatangaza moja kwa moja maonyesho ya mwimbaji Umm Kulthum ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi katika msimu wake. Redio ilikwenda ukumbini. Msikilizaji alipata wimbo mzima, hata kama ungechukua saa nzima, pamoja na makofi, vilio vya furaha na sauti za watu wakimwomba mwimbaji arudie ubeti. Uingereza nako, BBC ilichukua jukumu la kuendesha matamasha ya Proms ya London mwaka 1927 na kuyarusha hewani. Shirika la umma likawa mwandalizi na mtangazaji kwa wakati mmoja. Mwambao wa Afrika Mashariki, ambako muziki wa Misri ulipendwa mno, uliufahamu mfano wa Kairo kwa masikio yake, kwa kupitia masafa mafupi.

Kwenda Dar es Salaam

Hapa kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 ikiwa kituo kidogo cha majaribio. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikaichukua moja kwa moja, ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kwa miaka karibu thelathini iliyofuata, hiyo ndiyo iliyokuwa redio ya Tanzania Bara. Rais Julius Nyerere alikwisha kuanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, na redio ikapewa kazi ya kuonyesha kwamba nchi mpya ina muziki wake wenyewe. Kazi hiyo iliifanya kwa moyo. Bila RTD, sehemu kubwa ya muziki wa miaka ya 1960 hadi 1980 isingekuwepo leo.

Lakini utaratibu wake ulikuwa wa kumwita mwanamuziki aje studio. Bendi au kikundi kilipeleka kwanza mashairi yake yakakaguliwe. Yakipita, kilipangiwa siku ya kurekodi Dar es Salaam, kikafunga safari na vyombo vyake. Kwa watu wa Tanga safari hiyo ilirahisika kidogo mwaka 1963, pale kipande cha reli kutoka Ruvu hadi Mnyusi kilipoiunganisha reli ya Tanga na reli ya kati. Studio walipiga nyimbo kadhaa kwa mfululizo, mafundi wakazinasa kwenye utepe, na utepe ukabaki maktaba ya redio. Nyimbo zikaanza kusikika asubuhi, mchana na jioni, na wenyewe wakarudi Tanga.

Njia nyingine ya kurekodi ilikuwa Mombasa, kwa wafanyabiashara wa santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza, na kwa Tanga, Mombasa ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam. Njia hiyo iliziba ghafla mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Mwanamuziki aliyezoea kuvuka mpaka wa Horohoro akabaki na mlango mmoja, ule wa redio ya taifa.

Ukumbi ulivyokuwa

Ili kuelewa kilichoachwa nje ya utepe, ni lazima kuitazama taarab ya Tanga kwa karibu. Tofauti na Unguja, ambako vikundi kama Ikhwani Safaa vilijivunia fidla nyingi, kanuni na udi, vikundi vya Tanga vilikuwa na watu wachache na vyombo vyepesi: gita la umeme, gita la besi, ngoma ndogo, na mdundo wenye asili ya ngoma za pwani. Vilitokea Young Novelty, kisha Black Star, kisha Lucky Star iliyochipuka kutoka humo humo. Mwimbaji mwanamke alisimama mbele. Shakila Said, mzaliwa wa Pangani, alijipatia jina katika vikundi hivi kabla ya kuhamia JKT Taarab ya Dar es Salaam, na alipofariki mwaka 2016 taifa zima lilimwomboleza. Mtindo wa Tanga ulivuka mpaka na kuugeuza hata muziki wa Mombasa.

Sasa fikiria wimbo mmoja ukumbini. Mwimbaji anatoa ubeti wa kwanza, kiitikio kinafuata, gita linajaza. Mama mmoja anainuka kitini, anakuja mbele taratibu akicheza mabega, noti mkononi ameinyoosha juu ili ionekane. Hatoi fedha hovyo. Anangoja mstari unaomhusu. Mstari ukifika anamtunza mwimbaji, huku jicho lake likielekea upande alikokaa yule anayemkusudia. Ukumbi mzima unaelewa. Mwimbaji naye anaelewa, anaurudia ubeti ule mara ya pili na ya tatu, na mpigaji gita anarefusha. Wimbo ulioandikwa na mtu mmoja unakuwa kauli ya mtu mwingine, hadharani, bila jina la mtu kutajwa. Hapo ndipo taarab inapofanya kazi yake.

Studio hapakuwa na mama huyo. Wimbo ulipigwa kwa kipimo cha dakika, beti zikapunguzwa, na fumbo likabaki bila mlengwa. Dansi nayo ilipungukiwa vivyo hivyo. Jamhuri Jazz, iliyoanza kwa jina la Young Nyamwezi kati ya watu waliofuata kazi Tanga, na ambako ndugu Wilson na George Kinyonga walipitia kabla ya kuunda Simba Wanyika huko Kenya mwaka 1971, ilikuwa bendi ya kukesha. Magita yake yaliingia yakipokezana mpaka wachezaji wenyewe wachoke. Utepe ulitunza sauti ya magita, ukayakata kabla ya alfajiri.

Haimaanishi kwamba redio ya taifa haikujua kutoka nje. Ilitoka kwa sherehe za kitaifa. Usiku wa Uhuru wa Desemba 1961 na sikukuu zilizofuata zilifika majumbani moja kwa moja kutoka uwanjani, ngoma na kwaya zikipishana na hotuba. Redio ilikwenda pale taifa liliposema. Pale mtaa uliposema, haikuwa na desturi ya kwenda.

Enzi ya matamasha

Mambo yalibadilika miaka ya 1990. Radio One ilianza mwaka 1994 na vituo vingine vya binafsi vikafuata. Vituo hivyo viligundua kwamba redio inaweza kuandaa tamasha lake yenyewe: Fiesta ya redio ya Clouds imezunguka mikoani kwa miaka mingi, na Tanga imo katika safari zake. Kwa upande mwingine Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilikuwa na tamasha lake tangu miaka ya 1980, na Sauti za Busara ilianza Unguja mwaka 2004, ikawaweka wakongwe wa taarab na vijana wa Afrika nzima jukwaa moja ndani ya Ngome Kongwe. RTD nayo iliunganishwa na televisheni ya taifa, na mrithi wake leo ni Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC.

Tamasha la redio ya binafsi lina kazi ya kuuza tiketi na matangazo ya biashara, kwa hiyo linamfuata msanii anayetamba mwaka huo. Hilo ni haki yake. Lakini kikundi cha taarab cha mtaa chenye waimbaji wazee watatu hakitamfaa mdhamini wa bia wala wa simu. Wa kukifuata ni yule anayelipwa na umma.

Kazi yenyewe inawezekana. Matangazo mubashara kutoka ukumbini yanahitaji maikrofoni ya mwimbaji, waya za kuchukua magita moja kwa moja, na maikrofoni mbili zilizoelekezwa kwa hadhira, ambazo mara nyingi ndizo za kwanza kusahauliwa. Yanahitaji fundi mitambo anayejua wapi pa kuacha makofi yasikike, na mtangazaji anayejua lini anyamaze. Teknolojia ya leo imeyafanya mengi ya haya kuwa rahisi kuliko enzi za gari zima la mitambo na laini ya simu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo. Hakuna sababu msanii arekodiwe bila mkataba, na mkataba utaje malipo ya kila urushaji.

Ninachopendekeza ni hiki: TBC iwe na usiku wa kudumu wa matangazo kutoka kumbi za mikoani, na Tanga iwe ya kwanza. Wimbo uachwe ufike mwisho wake. Watunzaji wasikike. Nakala ihifadhiwe ikiwa na majina ya kila mpigaji na kila mtunzi, kisha nakala nyingine ikabidhiwe mji wenyewe, ili mwanafunzi wa Nguvumali asilazimike kununua santuri iliyochapishwa Ulaya ndipo aisikie Black Star. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa mkusanyiko wa taarab ya Tanga, na wapenzi wa muziki duniani wakaushangilia. Tunaishukuru kampuni hiyo, lakini kuitunza sauti ya Tanga ni wajibu wetu, na waimbaji wanaoujua ukumbi wa zamani wanazidi kupungua. Redio ya umma iwafuate wangali wanaimba.