Siku Lango la Mashada Lilipofungwa

Baraza lilikuwa kitu cha mawe kabla ya kuwa kitu cha maneno. Katika miji ya pwani yetu lilikuwa ni kikalio cha mawe na chokaa kilichojengwa ukutani mwa nyumba, upande wa njia, na waliokaa juu yake jioni walizungumza habari za bei, za ndoa, za watawala, na za chombo ambacho hakijarudi. Ubishi ulikuwa mwingi, wala haukuwa wa adabu siku zote. Lakini kikalio kilikuwa na nyumba, na nyumba ilikuwa na mwenyewe. Aliyevuka mpaka alijua ameketi ukutani kwa nani, na waliomsikia walijua yeye ni mwana wa nani.

Baadaye neno likahama. Mwaka 1939 lilichapishwa mjini Nairobi gazeti la Kiswahili lililoitwa Baraza, na huko Tanganyika, tangu 1923, Mambo Leo lilikuwa likipokea barua na mashairi ya wasomaji wake. Hapo mwenye nyumba akawa mhariri. Yeye ndiye aliyeamua nani akae na nani asimame. Na kwa kuwa Mambo Leo lilitoka mara moja kwa mwezi, aliyetukanwa katika shairi alikuwa na siku nyingi za kupoa kabla ya kujibu. Wengi hulaumu uzito wa magazeti ya kale. Mimi nauona uzito ule kuwa ulikuwa na kazi yake.

Nakusudia kusimulia hapa habari za baraza la namna ya tatu, lililokuwa la Wakenya, ambalo halikuwa na ukuta wala mwezi wa kusubiri. Liliitwa Mashada. Jina ni zuri: shada ni fungu la maua yaliyofungwa pamoja. Mwenyeji wake alikuwa David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, na kwa miaka kadhaa kabla ya 2008 lilikuwa miongoni mwa mabaraza mashuhuri ya Wakenya katika mtandao. Msomaji wa leo, aliyezoea kubeba intaneti mfukoni, hana budi akumbuke hali ya siku zile. Nyaya za chini ya bahari hazikufika Mombasa hata mwaka 2009. Kabla ya hapo mawasiliano ya intaneti yalipita kwa setilaiti, yakawa ghali na ya polepole, na wengi waliingia mtandaoni kwa kulipia dakika katika maduka ya intaneti. Kwa hiyo waliokutana Mashada walikuwa watu wa mijini, wanafunzi, makarani, na hasa Wakenya waliokuwa ughaibuni, waliokuwa na umeme usiokatika na nyumba walizozikumbuka. Aghalabu hawakutumia majina waliyopewa na wazazi wao.

Haikuwa siasa tu iliyowagombanisha watu katika miaka ile. Mwaka 2004 ilianza kutekelezwa amri ya John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, kwamba kila matatu iwe na mikanda ya viti, kidhibiti mwendo, na mstari wa manjano ubavuni, na asibebwe mtu zaidi ya idadi ya viti. Mara nchi nzima ikawa na maoni juu ya chombo kidogo kinachozuia gari lisipite kilomita 80 kwa saa. Wenye magari walilia gharama, abiria walilia nauli iliyopanda, wengine walishukuru kuwa wanafika nyumbani wazima. Katika matatu, katika magazeti, na mtandaoni, watu ambao hawakuwa mainjinia wala mawakili walibishana juu ya mitambo na juu ya mamlaka: je, Serikali inayo haki ya kunifunga mkanda? Huo ulikuwa ubishi wa heri. Kila msemaji alikuwa amepanda gari hilo, na kila mmoja aliweza kusema: jana, barabara fulani, niliona hivi. Naomba msomaji aiweke akilini habari hii, maana tutaihitaji.

Uchaguzi Mkuu ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi dhidi ya Raila Odinga, naye akaapishwa jioni ileile. Siku hiyohiyo ilitoka amri ya Wizara ya Usalama wa Ndani kuvizuia vituo vya redio na televisheni visitangaze habari moja kwa moja. Waziri wa Usalama wa Ndani alikuwa John Michuki, yule yule wa mikanda. Yamkini aliziona amri zake mbili kuwa za jamii moja: gari linakwenda mbio, basi litiwe kidhibiti mwendo. Lakini habari si gari. Amri ilipozima redio, kiu ya kujua haikuzimika. Ikahamia penye ujumbe wa simu na penye mtandao, ambako hapakuwa na mhariri wa gazeti wala mtangazaji wa kuulizwa.

Ghasia zilizofuata zinajulikana, nami sitazirudia kwa urefu. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa lililojaa wakimbizi lilichomwa moto Kiambaa, karibu na Eldoret. Mwishoni mwa mwezi damu ilimwagika Nakuru na Naivasha. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na waliohamishwa makwao walikuwa mamia ya maelfu.

Katika siku hizo Serikali ilifikiria kuufunga utaratibu mzima wa ujumbe wa simu, kwa sababu maneno ya chuki yalikuwa yakisambazwa kwa njia hiyo. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Safaricom, alishauri vingine: njia iachwe wazi, na wateja wapatao milioni 9 wapelekewe humo humo maneno ya amani. Ushauri ukakubaliwa. Sijui kama maneno yale ya amani yalimtuliza mtu hata mmoja. Maneno yaliyotumwa kwa watu milioni 9 ni kama hotuba, husikika bila kumgusa mtu. Lakini njia ilipobaki wazi mama aliyejificha aliweza kuuliza mwanawe yuko wapi, na barabara gani inapitika. Kwa simu hizo hizo watu walitumiana muda wa maongezi na fedha, maduka yakiwa yamefungwa.

Mashada nako mambo yaliharibika. Wale wale waliokuwa wakibishana juu ya siasa na maisha sasa walitukanana kwa makabila yao. Kobia na wenzake walijaribu kufuta matusi. Yakaja mengi kuliko mikono iliyokuwapo. Mwishoni mwa Januari 2008 akafunga lango. Mahali pake akaanzisha ukurasa mwingine ulioitwa, kwa Kiingereza, kwa maneno yenye maana ya «Sina Kabila», akawaalika watu waandike humo habari zao kama Wakenya tu.

Wako wanaomsifu kwa hilo, na wako wanaosema kuwa aliyefunga baraza aliwatupa njiani pia wale waliokuwa wakisema maneno ya busara. Kwa maoni yangu wote wawili wanatazama lango, na hawamtazami mwenye lango. Maana katika mwezi uleule ambamo Kobia alilifunga baraza, mkono wake ulikuwa umeshiriki kujenga kitu kingine kilicho wazi kabisa. Tarehe 3 Januari Ory Okolloh, mwanasheria Mkenya aliyekuwa akiishi Afrika Kusini na kuandika blogu, alikuwa ameuliza hadharani kama kuna mafundi wa programu watakaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ghasia na uharibifu vinapotokea. Kobia, pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine, walimwitikia, na baada ya siku chache ramani ilikuwa tayari. Mtu yeyote aliweza kuipelekea habari kwa mtandao au kwa ujumbe wa simu. Wakaiita Ushahidi.

Mwalimu wa lugha hawezi kulipita jina hilo bila kusimama. Ubishi huuliza nani mwenye haki. Ushahidi huuliza nini kilitokea, wapi, lini, na wewe ulikuwa umesimama wapi. Mtu yule yule, kwa jina lile lile la kujificha, akiwa katika duka lile lile la intaneti, huandika vingine kabisa kwa kadiri ya swali aliloulizwa. Akiulizwa kabila gani limeiba kura, hujibu kwa jadi yake. Akiulizwa ni mtaa gani umechomwa, hujibu kwa macho yake. Ndiyo maana nilimwomba msomaji aikumbuke habari ya vidhibiti mwendo: ubishi ule haukuua mtu, na sababu mojawapo ni kuwa kila mbishi alikuwa pia shahidi.

Lakini tusiitukuze ramani kupita kiasi. Aliyeuawa hakutuma ujumbe. Kijiji kisicho na mnara wa simu hakikuwa na alama, na msomaji wa mbali aliweza kudhani kuwa palipo weupe pana amani. Habari zilizopokelewa zililinganishwa na za mashirika na waandishi kila ilipowezekana, wala haikuwezekana kila mara. Hesabu ya 1,133 haikutoka katika ramani. Ilitoka kwa tume iliyowaapisha mashahidi na kupekua kumbukumbu za hospitali.

Tena kuna jambo ambalo si ramani wala lango lililoweza kuliona, nalo ni maneno yenyewe. Katika Bonde la Ufa lilitumika neno «madoadoa». Kamusi itakwambia kuwa doa ni alama ya uchafu juu ya nguo, na ng'ombe mwenye madoadoa ni ng'ombe tu. Lakini aliyesimama jukwaani akasema madoadoa yaondolewe, wasikilizaji walijua ni majirani gani waliokusudiwa. «Kwekwe» nalo ni neno la mkulima, jina la magugu shambani, hata lilipoanza kutajiwa watu. Mwaka 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano iliyatia maneno yote mawili katika orodha ya maneno ya chuki. Nimewasikia wanafunzi wakiicheka orodha hiyo, wakiuliza kama mfuaji nguo atashtakiwa. Mzaha wao una kiini cha kweli: kosa haliko katika neno, liko katika kujua kwa pamoja kwa msemaji na wasikilizaji. Karani wa kampuni ya kigeni, au mashine iliyofundishwa kuchuja matusi, ataliona doa la nguo na kulipitisha. Mzee wa barazani asingelipitisha, maana yeye anawajua waliokaa.

Sheria nazo zilifuata. Mwaka 2008 ilipitishwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Mwaka 2018 ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, iliyotaja adhabu kwa habari za uongo. Chama cha waandishi wa blogu kikaipeleka mahakamani, vifungu 26 vikasimamishwa mwezi Mei mwaka ule, na Februari 2020 Mahakama Kuu ikavirejesha. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya Januari 2008 huweza pia kumfikia kijana aliyemtania gavana wake.

Kisha ukaja Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulisomwa mtandaoni kifungu kwa kifungu na watu ambao kazi yao si sheria. Walieleza kodi ya mkate na kodi ya magari, wakatafsiri vifungu kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani kwao, wakabishana usiku kucha. Safari hii waliulizana: kifungu hiki kitanitoza nini? Na walioandamana walirudia tena na tena kwamba hawana kabila, maneno yale yale ambayo Kobia aliyaandika langoni miaka 16 kabla. Tarehe 24 Juni Mamlaka ya Mawasiliano ilisema haina nia ya kuifunga intaneti. Kesho yake, waandamanaji walipoingia Bungeni na risasi zilipolia, mawasiliano ya intaneti yalidhoofika sana nchini. Kampuni za simu zilisema hitilafu ilikuwa katika nyaya za baharini. Tarehe 26 Rais William Ruto alitangaza kuwa hatautia mswada sahihi. Tarehe 5 Julai aliingia yeye mwenyewe katika mazungumzo ya sauti mtandaoni, akaketi saa kadhaa akiulizwa na raia, wengine wakitumia majina yao ya kujificha, juu ya kodi, juu ya deni la nchi, na juu ya wale waliouawa.