Kukoleza Fuwele: Habari za Tando Nyembamba Zikuzwazo Katika Ombwe

Nusu-kipitishi ni kitu kisichopitisha umeme vizuri kama shaba wala kuuzuia kabisa kama kioo. Tabia yake hutegemea sana atomu chache za kigeni zilizomo ndani yake. Kwa hiyo tangu transista ilipobuniwa katika maabara ya Bell, New Jersey, mwezi wa Desemba, 1947, kazi ya wataalamu ilikuwa na pande mbili: kuondoa uchafu wote, kisha kuurudisha kwa kipimo. Tendo hili la pili lastahili kuitwa kukoleza, kwa kuwa kitiwacho si uchafu tena, bali ni kama chumvi mchuzini. Ikipungua haufai, na ikizidi haufai.

Mwaka 1958, K. G. Günther wa Ujerumani alieleza namna ya kufanya utando wa indiamu na aseniki kwa kuvukiza kila kimoja kwa joto lake ndani ya ombwe. Lakini tando hizo ziliota juu ya kioo, zikawa fuwele nyingi ndogo zisizolingana. Mwaka 1968, J. R. Arthur wa Bell alionyesha kwamba aseniki haishiki juu ya fuwele yenye joto ila pale ilipo galiamu ya kuipokea. Hata ikizidi, ziada huruka. Mwenzake Alfred Y. Cho, mzaliwa wa Beijing, akaendeleza ufundi huo hata fuwele ikakua tabaka juu ya tabaka.

Utando hukua kwa kiasi cha tabaka moja la atomu kwa sekunde. Hata mkandamizo wa hewa ukipunguzwa hata ibaki sehemu moja katika milioni elfu, gesi iliyosalia yaweza kuufunika uso wote kwa sekunde chache. Basi sharti upunguzwe tena maelfu ya mara. Silikoni nayo huwekwa katika chungu chake chenye kifuniko. Kikifunuliwa, atomu zake hukalia nafasi za galiamu, na kila moja hutoa elektroni moja ya ziada. Kikifunikwa, ukolezaji hukoma.

Hata hivyo palikuwa na kizuizi. Atomu iliyotoa elektroni hubaki na chaji, nayo huipotoa njia ya elektroni zipitazo. Mwaka 1978, Dingle, Störmer, Gossard na Wiegmann wa Bell walikoleza tabaka zenye alumini peke yake, wakaacha zile za galiamu na aseniki zikiwa safi. Elektroni zikahamia katika tabaka safi, zikaziacha nyuma atomu zilizozitoa. Kwa njia hiyo Takashi Mimura wa Fujitsu, Japani, alitengeneza transista yenye kasi kubwa mwaka 1980. Mwaka 1982, Tsui, Störmer na Gossard waliona katika utando wa namna hiyo, kwenye baridi kali na uga wenye nguvu wa sumaku, elektroni zikitenda kana kwamba chaji imegawanyika mafungu. Laughlin akaeleza sababu, na mwaka 1998 yeye, Störmer na Tsui wakapewa tuzo ya Nobel.

Mpishi hukoleza chungu kizima, ila mafundi hawa walikoleza upande mmoja ili upande wa pili ufaidi. Kwa hiyo neno kukoleza, likitumika katika elimu hii, halina budi kubeba maana ya mahali pamoja na ile ya kiasi.