Kutoka Karema hadi Makanyagio: Habari Njema katika Nchi ya Wahamiaji

Mwaka 1889 msafara uliotoka pwani uliingia Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ukiwa na kijana mmoja Mwafrika ambaye hakuwa mpagazi wala askari. Kijana huyo, Adrien Atiman, alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu. Alitekwa utotoni, akavushwa Jangwa la Sahara kama bidhaa, kisha akakombolewa kwa fedha na Mapadre Weupe huko Algeria. Wakamsomesha, wakampeleka Malta kujifunza uganga wa kisasa katika chuo alichokianzisha Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, kwa ajili ya makatekista waganga. Alipofika Karema hakuwa na ndugu wala jirani wa kwao. Akaoa huko, akapata watoto huko, akatibu wagonjwa na kufundisha dini kwa miaka 67, na mwaka 1956 akazikwa huko. Mwanawe Joseph alipewa upadre mwaka 1923.

Masimulizi ya Ukristo wa Katavi, mkoa ilimo Karema leo, kwa kawaida huanza na ngome ya Wabelgiji na majina ya maaskofu. Naona ni haki kuanza na Atiman, maana maisha yake yameshika kiini cha jambo lenyewe. Kila mara ujumbe wa wokovu ulipopata mizizi katika nchi hii, uliwashika kwanza watu waliong'olewa kwao, na mara nyingi waliouleta walikuwa wahamiaji vilevile.

Ngome hiyo ilijengwa mwaka 1879 na Kapteni Ernest Cambier kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Baada ya Mkutano wa Berlin, Leopold aligeuzia nguvu zake Kongo, na mwaka 1885 Karema ikakabidhiwa Mapadre Weupe. Walioijaza ile misheni hawakuwa koo za wenyeji zilizokuja na wazee wao. Walikuwa watoto walionunuliwa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, wanawake waliotoroka misafara, na watu waliokimbia vijiji vilivyochomwa. Lavigerie alikuwa ameweka kanuni kali: hakuna mtu mzima atakayebatizwa kabla ya kufundishwa miaka minne, isipokuwa aliye katika hatari ya kufa. Miaka minne ni mingi kwa mtu asiye na kwao. Katika muda huo alikuwa amepata shamba, jirani, mchumba na jina jipya. Imani na makazi vilimjia pamoja.

Hapa ni lazima kusema ukweli wote. Mtoto aliyenunuliwa hakuchagua misheni. Alitolewa kwa bwana mmoja akawekwa chini ya ulezi wa wageni waliompangia kazi, sala na hata ndoa, na mapadre wa Karema walitawala eneo lao karibu kama watemi. Lakini ni ukweli pia kwamba mtoto huyo hakuuzwa tena. Alipoambiwa kuwa kuna Mungu aliyelipa gharama ili kumweka huru, alikuwa na kipimo cha kulipima neno hilo katika mwili wake mwenyewe. Sidhani kama mhubiri yeyote wa leo anao wasikilizaji wanaolielewa fundisho hilo kwa ukaribu wa namna ile.

Wenyeji hawakuwa watu wasio na dini. Wabende, Wapimbwe na Wakonongo walikuwa na mizimu yao na mahali pao patakatifu. Jina la Katavi lenyewe linahusishwa na Katabi, mwindaji wa masimulizi ambaye roho yake husemwa inakaa kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi, na watu waliacha sadaka chini ya mti huo kuomba baraka ya mawindo. Mizimu ya namna hii ina mahali pake na watu wake. Mhamiaji anayefika kutoka mbali hana kaburi la babu yake la kufagia hapa, wala hajui mti upi uheshimiwe. Ndiyo sababu, nadhani, dini zisizofungwa na ukoo, Uislamu uliotoka Ujiji na Tabora pamoja na Ukristo, ziliwafaa wageni mapema kuliko wenyeji.

Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza vikariati ya Tanganyika kuanzia 1891 hadi alipofariki mwaka 1917, aliifanya Karema kuwa makao yake. Shirika la Masista wa Maria Malkia wa Afrika lilizaliwa wakati wake. Kutoka kando ya ziwa, imani ilisambaa Ufipa kwa kasi, huku nchi ya ndani, mahali ulipo mji wa Mpanda leo, ikibaki misitu ya miombo yenye mbung'o wengi na watu wachache. Serikali ya Kiingereza ilihamisha watu wa Ukonongo na maeneo jirani na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kupambana na malale, jambo lililoiacha sehemu kubwa zaidi ya nchi bila watu.

Kilichoujenga mji ni madini ya risasi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba Mukwamba, na kwa ajili yake reli ilivutwa kutoka Kaliua, ikafika Mpanda mwaka 1950. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mawe ilileta watu: vibarua, makarani, mafundi, wachuuzi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na waliokuwa na pa kurudi wakarudi. Waliobaki ndio walioanza kuiita Mpanda kwao.

Lakini sura iliyo nzito kuliko zote iliandikwa nje ya mji. Katika miaka ya 1960 wakimbizi wa Rwanda waliwekwa katika nyanda za juu za Mwese. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yakawavusha mpaka watu wengi sana, wengi wao Wahutu. Serikali ya Tanzania ikawatengea makazi ya Katumba, kisha Mishamo mwishoni mwa miaka ya 1970, na Ulyankulu upande wa Tabora. Shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Walutheri wa dunia, lilifanya kazi pamoja na serikali na UNHCR: visima, barabara, shule, zahanati, na ugawaji wa mashamba porini.

Warundi hawa hawakuja kuhubiriwa. Wengi wao walikuwa Wakristo tayari: Wakatoliki waliozoea sala za familia, Wapentekoste waliolelewa na misheni ya Waswidi, na Waanglikana waliokuwa na moto wa Uamsho ule uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki nzima ukiimba Tukutendereza. Kwa watu wa Uamsho, wokovu ulikuwa jambo la kutamkwa hadharani. Mtu husimama, hutaja dhambi zake kwa majina, hueleza siku aliyookoka, na ndugu humpokea kwa wimbo. Kabla padre au mchungaji yeyote hajapangiwa kwenda kwenye makazi hayo, sala zilikuwa zimeshaanza chini ya miti na katika vibanda vya nyasi.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo katikati ya miaka ya 1980, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1995 jinsi wakimbizi walivyoisimulia safari yao kama historia takatifu ya taifa lililo uhamishoni. Msomaji wa kitabu cha Kutoka katika Biblia anaijua simulizi ya namna hiyo: utumwa, kuvuka, jangwa, ahadi. Wokovu kwao haukuishia kwenye roho ya mtu mmoja. Ulihusu watu wote waliofukuzwa na swali la lini watakuwa na nchi.

Jibu la swali hilo lilikuja kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Walipohojiwa kuhusu hatima yao kuanzia mwaka 2007, takribani wanne kati ya kila watano walichagua kubaki wawe Watanzania. Mwaka 2010 zaidi ya 160,000 walikubaliwa, na vyeti vya uraia vilianza kugawiwa mwaka 2014. Nchi ya ahadi ikawa Katumba yenyewe. Kanisa Anglikana likaunda Dayosisi ya Ziwa Rukwa yenye makao Mpanda mwaka 2010, na sioni namna ya kuieleza dayosisi hiyo bila kuwataja Waanglikana wa Katumba na Mishamo.

Upande wa Katoliki, jimbo la Mpanda lilimegwa kutoka Sumbawanga mwaka 2000, likapewa Askofu Pascal Kikoti, aliyeliongoza hadi kifo chake mwaka 2012. Karema, mama wa yote, imo sasa ndani ya jimbo la mtoto wake. Mwaka huohuo wa 2012 mkoa wa Katavi ulitengwa na Rukwa, na tangu hapo watu wamemiminika. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604. Ya 2022 ilihesabu 1,152,958, ongezeko la kasi kubwa kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Wengi ni Wasukuma waliofuata malisho na mashamba ya mpunga na mahindi kwenye nyanda za Mpimbwe na za wilaya ya Tanganyika. Wengine wanafuata biashara, dhahabu, ajira za serikali na masomo ya chuo.

Anayehamia kata za mji wa Mpanda kama Makanyagio, Kawajense au Nsemulwa leo hakuti misheni inayomgawia shamba. Anakuta spika nyingi na mahema ya mikutano ya injili. Siibezi mikutano hiyo, wapo waliookoka kweli kwenye viwanja vyake. Ila historia ya hapa inanifanya niamini kwamba kazi kubwa hufanyika baada ya mahema kukunjwa. Jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele katika miaka ya 1970, hukusanya nyumba kumi au kumi na tano za mtaa mmoja. Hapo mgeni huulizwa jina, ametoka wapi, ana watoto wangapi. Akifiwa, watu wale ndio wanaokaa naye usiku. Katika makanisa ya Kipentekoste na ya AIC (Africa Inland Church), Jumapili mgeni husimamishwa ajitambulishe, apigiwe makofi, na mara nyingi mzee wa kanisa humtembelea nyumbani wiki hiyohiyo. Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba waliokuwa wageni wamekuwa watu wa nyumbani mwa Mungu. Mama aliyeshuka jana kwenye treni ya Kaliua akiwa na watoto na magunia mawili anahitaji kuliona hilo likitendeka mlangoni kwake kabla ya kulielewa kwenye mahubiri.

Kazi hiyo inabebwa na makatekista, wainjilisti na wenyeviti wa jumuiya, watu wasio na mshahara wa maana, wanaoendesha baiskeli hadi vigango ambavyo padre hufika mara chache kwa mwaka. Wao ndio warithi wa Atiman, na majina yao hayamo vitabuni. Waliovuka mpaka mwaka 1972 wakiwa vijana wa miaka ishirini na kuanzisha sala katika vibanda vya Katumba, sasa wamepita sabini. Majimbo, dayosisi na idara ya utamaduni ya mkoa zina muda mfupi wa kuwafuata nyumbani kwao, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na kuandika wanayoyakumbuka.