Malele ya Pwani

Mtu apitaye Majengo, katika kisiwa cha Mombasa, akitazama gome la mwembe mzee au shina la mnazi, huona mabaka ya kijivu yaliyogandamana nalo. Wengi huyadhani ni ugonjwa wa mti. Si ugonjwa, wala si kuvu peke yake. Wataalamu huyaita likeni, nayo ni ushirika wa kuvu na mwani: kuvu hujenga nyumba na kuhifadhi maji, mwani hutengeneza chakula kwa nuru ya jua. Likeni haina mizizi. Hunywa umande, mvua na unyevu wa hewa, na kwa hiyo hali ya hewa ndiyo iamuayo ikae wapi.

Kwa umbo, kuna likeni zilizo kama ukoko wa chungu, zilizo kama majani, na zilizo kama kichaka. Zile za majani mapana hupenda misitu yenye baridi na ukungu, kama ya Mlima Kenya na Nyandarua. Za majani zilizopo pwani ni ndogo, na hubana gome kabisa. Lakini pwani ilijaliwa aina moja ya kichaka ambayo wazee waliiita malele, au marere, inayoning'inia matawini katika nchi kavu iliyo karibu na bahari, mfano wa ndevu za kijivu. Jina lake la kitaalamu ni Roccella montagnei. Vitabu vya historia huyapita malele mbio vikikimbilia pembe na karafuu, nami naona havikuyatendea haki.

Maana katika karne ya kumi na tisa malele yalikuwa bidhaa. Yalichumwa matawini, yakakaushwa, yakapelekwa Unguja, na huko yakapakiwa merikebuni kwenda Ulaya pamoja na sandarusi na ngozi. Ulaya yalikatwakatwa, yakarowekwa katika amonia, ambayo zamani ilipatikana katika mkojo uliochacha, na baada ya siku nyingi ikatoka rangi ya zambarau. Ufundi huo ulikuwa wa zamani sana. Jamaa ya Rucellai wa Florence walitajirika kwao tangu zama za kati. Rangi hiyo hushika sufu na hariri, lakini haishiki pamba vizuri. Basi mchumaji aliyevaa kaniki au marekani aliuza kitu ambacho nguo yake mwenyewe isingeweza kukitumia, na thamani yake ilikadiriwa na watu aliokuwa hawaoni.

Mwaka 1856, mwaka ule ule aliofariki Sayyid Said akiwa safarini baharini, kijana wa miaka 18 huko London, William Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini kutokana na vitu vitokavyo katika lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata, alipata rangi ya zambarau. Biashara ya malele haikufa siku ile, kwani iliendelea miaka mingi baadaye. Lakini rangi za viwandani zilizidi kuwa nyingi na rahisi, na hatimaye malele yakaachwa matawini. Hapakuwa na vita wala amri. Mnunuzi alikoma kuja.

Ajabu ni kwamba, wakati malele yakipimwa kwa frasila, wataalamu walikuwa hawajakubaliana ni kitu gani. Mwaka 1753 Linnaeus wa Uswidi alizitia likeni zote katika jenasi moja. Mwanafunzi wake, Acharius, alizigawa katika jenasi nyingi. Mwaka 1867 Schwendener, Mswisi, alipotangaza kwamba likeni ni viumbe wawili katika mwili mmoja, wataalamu wengi walimpinga vikali. Leo jina la likeni huhesabiwa kuwa jina la kuvu wake, na ukoo hufuatwa zaidi kuliko umbo. Likeni kubwa za Afrika Mashariki, za majani na za vichaka, zilikusanywa katika kitabu kimoja mwaka 1988, kazi ya Swinscow, tabibu wa Kiingereza, na Hildur Krog wa Norwei.

Mwanafunzi anayetumbukiza karatasi ya litimasi katika siki, akaiona buluu ikigeuka nyekundu, anatumia rangi ambayo asili yake ni likeni za jamaa hii ya malele.