Mageuzi ya Miamba ya Sakafu ya Bahari kwa Maji ya Chumvi

Ni mabadiliko ya kikemia yanayoupata mwamba wa basalti pindi maji ya bahari yanapopenya katika nyufa zake, yakashuka hadi karibu na magma, yakapata harara ipitayo digrii 350 za sentigredi bila ya kuchemka, kwa sababu ya mgandamizo wa bahari iliyo juu yake, kisha yakarejea juu hali yamekwisha kuwa maji mengine kabisa. Maji huuachia mwamba takriban magnesi yake yote, na mwamba, kwa badali yake, huyapa kalisi, silika, chuma, shaba na zinki; ama salfeti ya kalisi, ambayo kinyume cha chumvi nyingi huzidi kuganda kadiri joto lipandavyo, hubaki njiani. Madini meusi hugeuka kloriti na epidoti, na jiwe likawa la kijani.

Mwaka 1979, wanazuoni waliozama kwa nyambizi Alvin katika Pasifiki ya mashariki waliyaona maji hayo yakifoka kwa sura ya moshi mweusi; nao haukuwa moshi, bali chembe za salfidi zilizoganda ghafula zilipokutana na baridi.

Asiyeweza kuzama na aende Oman, ambako sakafu ya bahari yenye umri wa miaka milioni 95 hivi ilipandishwa nchi kavu. Basalti zake, zilizovimba mfano wa mito ya kulalia, zaonekana wazi mabondeni, na upande wa bara ya Sohar imechimbwa shaba iliyowekwa na chemchemi kama hizo, tangu zama za Wasumeri, walioiita nchi hiyo Magan.